Ndama wa Bima

Ujumbe uliingia kwenye simu ya mume wangu tukiwa uani tunachambua vitunguu saumu. Sulle hasomi ujumbe kimya. Anausoma kwa sauti kama anasoma somo kanisani, hata ukiwa ni tangazo la vocha. Siku hiyo alianza vizuri, "Ndugu mteja, bima ya gari lako inakaribia kuisha," akaendelea mpaka kwenye kiasi cha kulipa, akaishia hapo. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akasoma tena.

"Imepanda?" nikamuuliza.

"Imepanda."

Akanipa simu nione mwenyewe. Ilikuwa imepanda karibu nusu juu ya ile ya mwaka jana, na ya mwaka jana nayo ilikuwa imepanda. Gari lenyewe ni Landkruza pikapu ambayo ni kuukuu kuliko ndoa za watoto wetu. Kila mwaka thamani yake inashuka na bima yake inapanda. Nilimwambia hivyo ili acheke, hakucheka. Alitazama kichanja cha vitunguu, akatazama barabara, halafu akasema, "Mama Angela, itabidi tumrudishe Kijivu tumuuze."

Nikaweka kisu chini.

Kijivu ni ng'ombe wangu. Nasema wangu, si wetu. Baba yangu alinipa ng'ombe aliyekuwa bibi wa Kijivu siku niliyoolewa, akasema mbele ya watu kwamba huyu ni wa Benedikta, mume asimguse. Ukoo wa ng'ombe huyo haujawahi kukatika mkononi mwangu. Na Kijivu haishi hapa Dongobesh. Anaishi Yaeda Chini, kwa mzee Hhando, rafiki wa marehemu baba, kwa sababu sisi watu wa Mbulu hatuweki ng'ombe wote kwenye zizi moja. Ugonjwa ukiingia, au ukame, utalala tajiri uamke mwombaji. Kwa hiyo mmoja unamweka kwa rafiki huku juu, mwingine bondeni, mwingine mbali kabisa. Aliyewekewa anamtunza, anakunywa maziwa, anapata mbolea. Ndama ni wako, ingawa kama una utu, iko siku utamwachia mmoja. Ng'ombe akifa, unaletewa ngozi uione kwa macho.

Na wewe uliyeweka una wajibu wako: kwenda kumwona. Huweki ng'ombe kwa mtu halafu ukapotea. Unakwenda na unga au sukari, unakaa, unakula, unauliza habari za watoto kabla ya habari za ng'ombe. Ukiacha kwenda, watu watasema huyu hakuweka ng'ombe, alimtupa.

Sasa Sulle alitaka nishuke Yaeda, nimtoe Kijivu kwa Hhando ambaye wajukuu zake wanakunywa maziwa yale, nimpeleke mnadani, pesa nizipeleke kwa kampuni ambayo sijawahi kuona hata mlango wake.

"Usipoziba ufa utajenga ukuta," akasema.

"Ufa uko kwenye gari lako," nikamjibu, "na udongo unataka kuuchota kwenye zizi langu."

Niseme ukweli, hofu yake naielewa. Sulle alikuwa dereva wa misheni tangu ujana wake, akaendesha wagonjwa na maaskofu na mbao, na kiinua mgongo chake chote kiko kwenye lile gari. Ndilo linalobeba vitunguu vyetu na vya majirani. Ndilo linaloshuka Yaeda siku za mnada, kwenye ile njia ambayo inavunja springi kama vijiti. Likipinduka pale mteremkoni bila bima kubwa, atabaki na funguo mfukoni. Analiosha kuliko anavyoosha miguu yake. Nililijua hilo lote na bado nilikasirika mpaka nikaacha vitunguu nikaenda kumwagilia mboga ambazo zilikwisha kumwagiliwa.

Siku zilizofuata alikuwa anatembea uani anasema peke yake. Mwishoni akanifuata jikoni.

"Mama Angela, hawa watu wa bima nimeweka kwao miaka yote. Sijawahi kudai hata taa. Sijawahi kudai hata kioo."

"Ndiyo."

"Hhando amekaa na ng'ombe wetu, amezaa. Hawa wamekaa na pesa yangu. Je, haijazaa? Mtu uliyemwekea hawezi kukugeukia akasema ongeza. Nakwenda kuchukua ndama wangu."

Nilitaka kucheka, nikajizuia. Nilijua bima haiko hivyo. Lakini nilipiga hesabu yangu haraka: Sulle akigombana na bima, Kijivu atabaki. Nikamwambia, "Baba Angela, hapo umesema neno. Subiri nivae viatu."

Wakala wetu wa bima ni Yusuph, kijana wa duka la pale karibu na soko. Babu yake alikuja Dongobesh kutoka Kondoa na mzigo wa chumvi, akabaki, na familia ile imeuza chumvi, misumari na sukari mpaka leo. Yusuph ameongeza kona yake yenye kompyuta na kalenda ya kampuni, na hapo ndipo magari yote ya huku yanapokatiwa bima. Mama yake, mama Safina, hukaa nyuma kwenye mizani ya mchele, na duka zima linajua kwamba hasikii vizuri ila akitaka.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama," Yusuph akasimama. "Mmekuja kulipia?"

"Marahaba. Nimekuja kuchukua ndama wangu," Sulle akasema.

Yusuph akanitazama mimi. Nikatazama misumari.

"Ndama gani, baba?"

"Tangu nimenunua gari nimeweka kwenu. Kila mwaka. Maziwa mmekunywa, sina neno, ni haki yenu. Lakini kitu kilichowekwa kinazaa. Wale ndama wapunguze kwenye hii hesabu mpya, halafu tuendelee kuwa marafiki."

Watu wawili waliokuwa wanapatana bei ya kamba wakaacha kupatana. Namsifu Yusuph, hakucheka. Alifungua kompyuta yake, akageuza kioo Sulle aone, akamwelekeza kwa kidole. "Kuna punguzo la mtu ambaye hajadai, baba. Limo tayari. Bila hilo ingekuwa juu zaidi."

Sulle akainama, akatazama. "Huyu si ndama. Hii ni kwato."

Hapo mimi ndiye niliyecheka, na wale wa kamba wakacheka, na Yusuph naye akashindwa. Lakini alipomaliza kucheka alikaa vizuri, akamweleza kwa upole.

"Baba, bima si ng'ombe wa kuweka. Bima ni kama mchango wa msiba. Jirani amefiwa, unatoa. Mwaka huo kwako hakukuwa na msiba. Huendi mwishoni mwa mwaka kudai ulichotoa. Unamshukuru Mungu. Sasa mwaka huu misiba imekuwa mingi, magari yameanguka mengi, mchango umepanda. Si mimi, ni kampuni."

Sulle ni mtu ambaye neno likimwingia unaliona likishuka. Nikaona linashuka, na moyo wangu ukashuka nalo, kwa sababu mchango wa msiba ni kitu ambacho Sulle hajawahi kukataa maishani mwake. Nikasema basi, kwaheri Kijivu.

Halafu akainua kichwa. "Sawa. Nimeelewa. Basi msiba ulikuwa wa nani?"

"Vipi, baba?"

"Nimechangia msiba miaka yote hii. Marehemu ni nani? Mimi sijawahi kuchanga nikakaa nyumbani. Unachanga, unakwenda, unakaa na wafiwa, unarudi. Nimechanga mpaka leo, na sijakaa popote. Nionyeshe nilikochanga."

"Ni watu wengi, baba, nchi nzima. Na hata kama najua, hairuhusiwi kutaja mtu."

"Si yule mama wa Getanuwas, kule Hanang?" mama Safina akasema kutoka kwenye mizani. "Yule ambaye lori la Shabani lilimgonga mume wake?"

"Mama!"

"Nini? Nani asiyejua? Shabani ni binamu yako, na bima ulimkatia wewe, hapo hapo ulipokaa. Anaitwa Lucia. Nyumba iko kabla ya kufika shuleni."

Yusuph akashika kichwa. Sulle alikuwa ameshapata alichotaka, lakini akauliza jambo moja zaidi, na aliuliza bila ubaya wowote, kama mtu anavyouliza habari za mvua. "Na ninyi mlipokwenda kukaa naye, mlimkuta na hali gani?"

Yusuph alijibu akiiambia meza. "Hatukwenda. Ni masharti, baba. Mwenye gari asikubali kosa, asiahidi kitu, kampuni ndiyo inayozungumza. Shabani alitaka kwenda. Mimi ndiye niliyemwambia asiende. Ukienda ukalia kwenye msiba, kesho mahakamani watasema umekiri."

Nikaona nimsaidie kijana, na nijisaidie mimi pia. Nikauliza, "Yusuph, hiyo aliyolipwa mama wa Getanuwas, ni ya bima kubwa au ndogo?"

"Hata ndogo inalipa hiyo, mama. Ndogo ni kwa ajili ya yule unayemgonga. Kubwa inaongeza gari lako mwenyewe."

Neno hilo nikaliweka kichwani, nikafunga.

Tulipokuwa tunatoka Yusuph alitufuata mpaka kwenye gari na mfuko wa sukari. Akauweka kwenye kiti katikati yetu. "Mkifika," akasema, akarudi ndani bila kumaliza.

Tukapita nyumbani, tukaenda Getanuwas bima ya zamani ikiwa bado haijaisha. Tulipitia Haydom, tukaingia upande wa Hanang, pale ambapo nchi inatandazika na mashamba ya ngano yanakwenda mpaka macho yanachoka, na mlima unakaa mbele yako muda wote hausogei. Sulle aliendesha taratibu. Nyuma tulikuwa na unga wa mahindi na kapu la vitunguu saumu, kwa sababu huendi msibani mikono mitupu, hata msiba ukiwa wa zamani. Mimi nilikuwa nawaza Kijivu. Nilikuwa natumaini tutamkuta huyo Lucia ana nyumba kubwa na pikipiki mbili mlangoni, Sulle akasirike, aape hachangi tena. Ndivyo nilivyokuwa naomba njia nzima, na rozari mkononi.

Nyumba tuliipata bila kuuliza sana. Ilikuwa ya matofali, ndogo, bati lake jipya. Mahindi yamevunwa, uwanja umefagiliwa. Kando yake kulikuwa na zizi la miti na miiba, limejengwa vizuri na mtu aliyejua kazi. Ndani ya zizi majani yalikuwa yameota, marefu, mpaka magotini. Mtu wa kwetu akiona majani ndani ya zizi haulizi kitu. Ng'ombe wakiwepo, hapaoti hata unyasi.

Mwanamke alitoka nje kabla Sulle hajazima injini. Alikuwa wa umri wa Angela wetu, au zaidi kidogo, mwembamba, kanga begani. Alitusalimia kwa heshima, nasi tukaitikia, tukasema kwa lugha ya nyumbani, na uso wake ukalegea kidogo aliposikia tunatoka Mbulu.

Sulle akavua kofia. "Mama, mimi naitwa Sulle. Huyu ni mke wangu. Tunatoka Dongobesh. Tumechelewa sana, lakini tumekuja kwa ajili ya msiba wa mume wako."

"Mlimjua Tomaso?"

"Hatukumjua."

"Ni ndugu wa upande gani?"

"Si ndugu," Sulle akasema. Akageuza kofia mkononi. "Mimi nina gari. Nimekata bima kwenye kampuni ile ya lile lori. Nikaambiwa kwamba bima ni mchango wa msiba, na msiba wenyewe ni wako. Ndiyo nimekuja."

Nilitamani ardhi ipasuke. Maneno hayo, mbele ya mjane, ni maneno ya mwehu. Lucia alimtazama mume wangu kwa muda, akageuka, akaingia ndani. Nikamvuta Sulle koti, nikamwambia twende, umemuumiza mtoto wa watu.

Akatoka na viti. Kimoja mkono huu, kimoja mkono huu. Akaviweka kivulini ukutani, akaingia tena, akatoka na kigoda chake, akaketi kuelekea kwetu kama wafiwa wanavyoketi. Ndipo tukakaa.

Alitusimulia mwenyewe, hatukumuuliza. Tomaso alitoka kusaga, anasukuma baiskeli yenye mfuko wa unga, jua bado lipo, lori likakwepa shimo likamfuata pembeni. Hakufa siku ile. Alilala hospitali, na ng'ombe wakauzwa mmoja mmoja kwa matibabu, hata maksai wa kulimia, halafu akafa. Malipo ya bima yalikuja baadaye sana. "Sisemi uongo, walilipa," akasema. "Niliitwa benki Katesh, wakaniambia weka dole gumba hapa. Nikaezeka nyumba, watoto wako shule. Pesa ilifika."

"Tunashukuru Mungu," nikasema.

"Pesa ilifika," akarudia. "Na majirani walikuja. Ndugu zake walikuja kutoka Hirbadaw, wakalala hapa. Lakini upande ule mwingine, upande wa lori, hakuna aliyekuja. Mimi nilijua watakuja. Hata mtu akiua kwa bahati mbaya, anakuja, si ndiyo? Anatuma wazee, watu wanakaa, wanasema. Niliwawekea viti. Kila gari lililopunguza mwendo pale barabarani, nilitoka nje. Mpaka leo natoka. Hata ninyi nilitoka kabla hamjazima gari, mmeona."

Tuliona.

"Ninyi ndio wa kwanza kutoka upande ule," akasema.

Sulle ni mtu wa maneno mengi. Ana methali ya kila kitu, hata ya kubadilisha tairi. Siku ile alisema "Pole, mama," basi, na machozi yalimtoka mbele yetu, hakuyafuta. Mimi nilishikwa na aibu ambayo sijawahi kuisikia. Njia nzima nilikuwa nimeomba kumkuta mtu wa kumchukia, ili ng'ombe wangu apone.

Tukakaa. Alituchemshia chai, na aliponiona natoa mfuko wa sukari akauliza imetoka kwa nani. Nikasema imetoka kwa mwenye duka kwetu. "Mwambie asante," akasema, akatia sukari nyingi, kama unavyowatilia wageni. Tulipoondoka alitusindikiza mpaka barabarani, akasimama pale mpaka tukapotea.

Mashamba ya ngano yalipoisha Sulle akasimamisha gari pembeni, akashuka, akalizunguka, akapiga teke tairi moja baada ya jingine kama ananunua. Akarudi akakaa.

"Nikimgonga mtu, ile ndogo itamlipa?"

"Umemsikia Yusuph. Itamlipa."

"Na gari likianguka mteremkoni?"

"Litakuwa chuma. Tutarudi kulima, baba Angela. Tulikuwa tunalima kabla yake."

Aliushika usukani, akaupapasa. Niliona inavyomuuma, na nilimhurumia kweli kweli, maana kiinua mgongo si cha mke, ni cha aliyekipata kwa kuamka alfajiri miaka yote ile. "Basi tukate ndogo," akasema. "Kijivu abaki kwa Hhando." Akawasha injini, halafu akaongeza, "Lakini siku nikimgonga mtu, nitakwenda msibani kwake. Waseme nimekiri."

"Nitakwenda na wewe."

Kwa hiyo nilishinda. Nilichokitaka nimekipata, bila hata kupiga kelele. Nilipaswa kuimba mpaka Dongobesh. Badala yake, kila nikifumba macho nilikuwa naona yale majani ndani ya zizi.

Kesho yake tukaenda kukata bima ndogo. Pesa ya vitunguu ilitosha. Yusuph akaingiza namba za gari, akatoa karatasi, akampa Sulle, na wakati wote ule alikuwa anasubiri kitu. Mwishoni akauliza, "Sukari aliipokea?"

"Alitunywesha chai yake," nikamwambia. "Amesema mwambie mwenye duka asante. Sikumwambia mwenye duka ni nani. Hilo ni lenu, wewe na Shabani."

Akaitikia kwa kichwa. Nyuma kwenye mizani mama Safina hakusema kitu, na hiyo kwake ni habari kubwa.

Mnada uliofuata nilimwambia Sulle anishushe Yaeda kwa Hhando. Nilikwenda na unga na tumbaku yake, nikakaa, nikala, nikauliza habari za wajukuu. Halafu tukaenda zizini. Kijivu alikuwa amenenepa. Ubavuni kwake alisimama binti yake, mtamba wa kijivu mwenye paji jeupe, ambaye tumbo lake lilikuwa limeanza kuonyesha kitu.

"Umekuja kumuuza?" Hhando akauliza. Habari huteremka Yaeda haraka kuliko gari.

"Simuuzi mtu. Mama mtu abaki kwako, na ndama atakayemzaa sasa ni wako, nimeachia. Huyu binti namhamisha."

"Unamweka kwa nani?"

Nikamwambia. Alisikiliza mpaka mwisho, akiwa ameegemea fimbo. Sulle aliyekuwa anafunga kamba nyuma ya gari aliacha kufunga, kwa sababu hata yeye sikuwa nimemwambia. Hhando akasema, "Ni mbali. Utakuwa unakwenda?"

"Ndiyo sababu namweka mbali," nikasema.

Kibali cha kumsafirisha tulikipata bila shida, tukampigia Lucia simu kwamba tunamletea mgeni wa kulala zizini. Akacheka kwenye simu, akasema mlete tu, hapa pana nafasi. Sulle aliendesha pole pole kuliko siku aliyombeba askofu. Kila shimo alikuwa anachungulia kwenye kioo kama mtamba bado amesimama. Gari lisilo na bima kubwa, limebeba ng'ombe wangu, na sikuogopa. Yeye ndiye aliyekuwa anaogopa kwa niaba yetu wote.

Lucia alikuwa amesimama barabarani. Safari hii watoto walikuwepo na majirani kadhaa walikuwepo. Tukamshusha mtamba, akatetemeka kidogo, akanusa, Lucia akamshika kamba karibu na shingo, akasema naye kwa sauti ya chini. Nikasema mbele ya watu, kama baba yangu alivyosema, kwamba huyu ni wa Benedikta na ninamweka kwa Lucia, maziwa ni yake, mbolea ni yake, na ndama wa kwanza akizaliwa salama ni wake.

Tukaenda zizini. Majani yote yalikuwa yameng'olewa. Udongo ulikuwa mweusi, mbichi, umefagiliwa mpaka kwenye kona, na mikono ya Lucia ilikuwa imechubuka. Akamwingiza mtamba, akafunga mlango wa miti ambao Tomaso aliujenga, akajaribu kama umekaza, akajaribu tena.

Kisha akanigeukia, akauliza swali ambalo kila aliyewekewa ng'ombe ana haki ya kuliuliza.

"Mtakuja lini kumwona?"